Taima haikulia, au imelia saa siyo yake: kutafuta kosa kwenye kazi za ratiba za Java

Saa moja na nusu asubuhi, Uyole ingali na ukungu wa Juni, simu inaita. "Kaka, shikamoo. SMS za jana hazijawafikia wakulima." Anayepiga ni karani wa chama cha ushirika. Mchana kutwa vituo vya Rungwe hupima parachichi na kuingiza kilo kwenye mfumo. Usiku kazi moja ya ratiba hujumlisha na kumtumia kila mkulima ujumbe: kilo zako leo ni hizi, salio lako ni hili. Ujumbe usipofika, asubuhi dirisha la karani lina foleni.

Kwa karani tatizo ni moja tu, ujumbe haujafika. Kwa anayeutunza mfumo kuna matatizo manne yanayofanana uso. Huenda taima, yaani saa ya kuamsha kazi hiyo, haipo kabisa. Huenda ipo lakini imelia saa nyingine. Huenda imelia mara mbili. Huenda imelia vizuri, ila kazi ikafia njiani. Kila moja lina chanzo chake na dawa yake, na nimeona vijana wengi wakipoteza siku nzima kwa kutibu la nne huku wanaumwa la kwanza. Kwa hiyo kabla hujagusa msimbo, jua uko kwenye lipi.

Mwongozo huu unahusu taima za EJB (Enterprise JavaBeans, sehemu ya Java ya kuendesha kazi kwenye seva) zinazoandikwa kwenye faili la maelekezo, `ejb-jar.xml`, lile ambalo seva hulisoma wakati wa kupandisha programu. Taima za ratiba ya kalenda ziliingia na EJB 3.1 mwaka 2009, na tangu hapo unaweza kuziandika kwa anotesheni (alama inayowekwa juu ya methodi) ya `@Schedule` ndani ya klasi au kwa tagi ya `<timer>` kwenye faili. Mimi napenda faili. Saa ya kutuma ujumbe huamuliwa na meneja wa ushirika, naye hubadilisha mawazo kila msimu. Sioni kwa nini uamuzi wake ukae katikati ya mahesabu yangu.

Faili zima lililo sawa ni hili. Liweke karibu unaposoma yanayofuata:

```xml
<ejb-jar xmlns="https://jakarta.ee/xml/ns/jakartaee" version="4.0">
  <enterprise-beans>
    <session>
      <ejb-name>UjumbeWaUsiku</ejb-name>
      <ejb-class>mfano.kazi.UjumbeWaUsiku</ejb-class>
      <session-type>Stateless</session-type>
      <timer>
        <schedule>
          <!-- saa 2:30 usiku, Jumatatu hadi Jumamosi -->
          <second>0</second>
          <minute>30</minute>
          <hour>20</hour>
          <day-of-month>*</day-of-month>
          <month>*</month>
          <day-of-week>Mon-Sat</day-of-week>
          <year>*</year>
        </schedule>
        <timeout-method>
          <method-name>tumaJumla</method-name>
        </timeout-method>
        <persistent>false</persistent>
        <timezone>Africa/Dar_es_Salaam</timezone>
        <info>jumla-ya-siku</info>
      </timer>
    </session>
  </enterprise-beans>
</ejb-jar>
```

Mpangilio wa tagi una maana. `<timezone>` hukaa nje ya `<schedule>`, baada ya `<persistent>`, na `<timer>` huja baada ya `<session-type>`. Ukizichanganya, seva yenye kukagua skima itakataa kupandisha programu. Ikikataa, shukuru: kosa linalopiga kelele mchana ni jepesi kuliko linalonyamaza hadi usiku.

Kwanza: je, taima ipo?

Usikisie. Ndani ya bini (klasi ya EJB) ile ile yenye taima, weka methodi ndogo inayoorodhesha taima zote, kisha iite kutoka kwenye ukurasa wa msimamizi:

```java
@Resource
private TimerService huduma;

public String orodha() {
    StringBuilder s = new StringBuilder();
    for (Timer t : huduma.getAllTimers()) {
        s.append(t.getInfo()).append(" : ")
         .append(t.getNextTimeout()).append('\n');
    }
    return s.toString();
}
```

`getAllTimers` ipo tangu EJB 3.2, yaani Java EE 7. Orodha ikirudi tupu, taima haikuzaliwa. Soma sehemu inayofuata. Ikionyesha tarehe na saa, taima iko hai na swali lako ni la saa au la kazi yenyewe. Angalia kwamba saa inayochapwa hapo ni ya ukanda wa JVM (mashine ya Java inayoendesha programu), siyo lazima uwe ule ulioandika kwenye faili. Ukiona 17:30 wakati uliandika 20:30, huenda hakuna kosa lolote: JVM iko UTC, saa ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele yake. Ukurasa huu mdogo umeniokolea safari nyingi za kwenda Tukuyu.

Orodha ni tupu

Chanzo ninachokutana nacho mara nyingi kuliko vyote ni faili kukaa pasipo pake. Programu ikifungwa kama WAR (kifurushi cha programu ya wavuti), seva hulitafuta `WEB-INF/ejb-jar.xml`. Ikifungwa kama JAR ya EJB, hulitafuta `META-INF/ejb-jar.xml`. Kwa anayetumia Maven (chombo cha kufunga miradi ya Java), la kwanza linatoka `src/main/webapp/WEB-INF`, la pili `src/main/resources/META-INF`. Ukiliweka `src/main/resources/META-INF` kwenye mradi wa WAR, litaishia ndani ya `WEB-INF/classes/META-INF`, na hapo hakuna atakayelisoma. Seva haitasema neno. Fungua kifurushi chenyewe uone kwa macho:

```
jar tf ushirika.war | grep ejb-jar
```

Na kama una JAR kadhaa ndani ya `WEB-INF/lib`, kila moja na `ejb-jar.xml` yake, fahamu kwamba WAR ina faili moja tu linalohesabika, lile la `WEB-INF`.

Chanzo cha pili: seva yenyewe haina EJB. Tomcat haina kontena la EJB, yaani sehemu ya seva inayoendesha bini na taima. Programu itapanda, kurasa zitafunguka, wakulima wataonekana kwenye skrini, na taima haitalia milele. Kijana mmoja aliyekuja kujifunza kwangu alitumia siku mbili akibadilisha nyota na namba kwenye ratiba, kumbe mashine aliyopewa ni Tomcat tupu. Unahitaji WildFly, Payara, GlassFish, Open Liberty, TomEE au nyingine ya aina hiyo. Hata hizo, kwenye mpangilio mwepesi wa Web Profile, zinalazimika kukupa taima zisizodumu tu, yaani zile zinazosahaulika seva ikizimika. Ukiandika `<persistent>true</persistent>`, au ukiiacha tagi hiyo kabisa maana thamani yake ya msingi ni `true`, unaomba kitu ambacho seva hailazimiki kuwa nacho.

Cha tatu kimeongezeka tangu watu waanze kuhamia matoleo mapya. Kuanzia Jakarta EE 9, mwaka 2020, majina ya vifurushi yalitoka `javax` yakawa `jakarta`. Klasi yenye `import javax.ejb.Schedule` ikipandishwa kwenye WildFly 27 au ya juu yake, ile anotesheni haifahamiki tena, na seva huipita kama haikuiona. Tafuta `javax.ejb` kwenye mradi mzima. Tazama pia anwani ya `xmlns` juu ya faili: `http://java.sun.com/xml/ns/javaee` ni ya Java EE 5 na 6, `http://xmlns.jcp.org/xml/ns/javaee` ni ya Java EE 7 na 8, na `https://jakarta.ee/xml/ns/jakartaee` ni ya Jakarta EE 9 kwenda mbele. Anwani na `version` viwe vya rika moja.

Kisha tazama kama juu ya faili kuna `metadata-complete="true"`. Neno hilo linaiambia seva: kila kitu kimo humu, usihangaike na anotesheni. Mtu alinakili faili kutoka mradi mwingine likaja nalo, na `@Schedule` zote za programu zikazimika kwa mpigo.

Mengine nitayataja kwa haraka. Bini ya aina ya Stateful haiwezi kuwa na taima. Tumia Stateless au Singleton. Methodi ya taima irudishe `void`, isiwe `static` wala `final`, na ama isipokee kitu chochote ama ipokee `Timer` moja tu. Jina ndani ya `<method-name>` lifanane herufi kwa herufi, kubwa na ndogo.

Imelia, lakini saa siyo yake

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sisi tunaozungumza Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe ambao vitabu vya Java havina habari nao.

Seva huhesabu saa 0 hadi 23 kuanzia katikati ya usiku. Sisi tunaanza kuhesabu jua linapochomoza. Karani anasema "saa mbili na nusu usiku", mkono unaandika `<hour>2</hour><minute>30</minute>`, na kazi inafanyika saa nane na nusu usiku. Nimeliona kosa hili kwa watu wenye miaka kumi kazini, kwa sababu akili inatafsiri ikiwa macho na haitafsiri ikiwa imechoka. Nalo si kosa dogo. Simu ikilia nyumbani kwa mtu saa nane usiku, wazo la kwanza ni msiba. Mzee mmoja wa upande wa Kiwira alitueleza kwamba aliamka, akawaamsha na wanawe, wote wakakaa wakisubiri nani aisome ile SMS. Ilikuwa ni kilo 84 za parachichi.

Hesabu niliyoibandika ukutani ni hii. Kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, ongeza 6. Kuanzia saa moja usiku hadi saa tano usiku, ongeza 18. Kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili alfajiri, toa 6. Ukipata 24 umekosea. Saa sita usiku ni 0. Baada ya kupata namba, andika saa ya Kiswahili kama maoni ndani ya XML, kama nilivyofanya kwenye mfano wa juu. Anayekuja baada yako ataweza kulinganisha alichoambiwa na kilichoandikwa.

Siku nazo zina shida ya namna hiyo hiyo. Kwenye ratiba ya EJB Jumatatu ni 1, na Jumapili ni 0 au 7. Jina la siku kwetu linasema "tatu", na mtu aliyeandika 3 alipata Jumatano. Ukitoka EJB ukaingia Quartz (maktaba nyingine ya ratiba za Java), Jumapili ndiyo 1 na Jumatatu ni 2. Namba tatu tofauti kwa siku moja! Achana na namba. Andika `Mon`, `Tue`, `Wed`, `Thu`, `Fri`, `Sat`, `Sun`; EJB na Quartz zote zinayaelewa majina hayo.

Na usiku ni wa nani? Meneja akikwambia "funga hesabu Jumatatu saa saba usiku", muulize tena kwa upole. Anaweza kuwa anamaanisha usiku unaofuata mchana wa Jumatatu, ambao kwa seva ni `Tue` saa 1. Ukiandika `Mon` na 1, hesabu zitafungwa usiku wa kuamkia Jumatatu, kabla mauzo ya Jumatatu hayajaanza. Mimi humwomba aseme "usiku wa kuamkia" ipi. Neno hilo lina uhakika zaidi kuliko namba yoyote.

Sasa ukanda wa saa. Dalili yake ni nyepesi kuitambua: kazi inachelewa kwa saa tatu kamili, kila siku, bila kukosa. Uliandika 20:30, inalia 23:30, yaani saa tano na nusu usiku. Seva za kukodi na makontena ya Docker kwa kawaida huwa UTC, nasi tuko UTC+3 mwaka mzima, hatubadilishi saa kwa majira. Dawa ni ile tagi ya `<timezone>Africa/Dar_es_Salaam</timezone>`. Usibuni `Africa/Mbeya`; haipo kwenye orodha ya majina ya kanda. WildFly ikikutana na jina isiloijua huandika onyo kwenye logi na kutumia saa ya seva, kwa hiyo utabaki na tatizo lile lile huku ukiamini umelitibu. Wapo wanaopendelea kuwasha JVM na `-Duser.timezone=Africa/Dar_es_Salaam`. Inafanya kazi, ila inaathiri kila programu kwenye seva hiyo, na siku programu ikihamia mashine nyingine maelekezo hayo yanabaki nyuma.

Dalili nyingine: uliomba kila dakika tano, ukapata dakika tano tano za saa sita usiku peke yake, kisha kimya hadi kesho. Uliandika `<minute>*/5</minute>` ukaacha `<hour>`. Tagi za sekunde, dakika na saa zikiachwa huhesabiwa kuwa 0, wakati za tarehe, mwezi, siku na mwaka zikiachwa huhesabiwa kuwa nyota. Kwa hiyo ulichoandika kinasomeka: kila dakika tano ndani ya saa 0. Ongeza `<hour>*</hour>`. Ndiyo maana mimi huziandika zote saba hata kama nyingine ni nyota; macho yanaona kila kitu.

Ukiandika `*/40` kwenye dakika, usitegemee kila baada ya dakika arobaini. Utapata dakika ya 0 na ya 40, kisha saa mpya inaanza tena na 0. Nafasi zinakuwa arobaini, ishirini, arobaini, ishirini.

La mwisho hapa lilinisumbua wiki nzima. Ushirika ulitaka taarifa ya malipo kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Niliandika:

```xml
<day-of-month>Last</day-of-month>
<day-of-week>Fri</day-of-week>
```

Taarifa ikatoka kila Ijumaa, na tena siku ya mwisho ya mwezi hata ilipoangukia Jumanne. Kumbe tagi hizi mbili zikijazwa zote, EJB huzisoma kwa "au": siku yoyote inayotimiza mojawapo inatosha. Ijumaa ya mwisho huandikwa kwenye tagi moja:

```xml
<day-of-month>Last Fri</day-of-month>
<day-of-week>*</day-of-week>
```

Na kwa mwisho wa mwezi wa kawaida, tumia `Last`. Ukiandika 30, Februari haitapata taarifa. Ukiandika 31, miezi mitano itakosa.

Imetuma mara mbili

Hili ndilo linaloniuma zaidi. Mkulima akikosa ujumbe atauliza. Mkulima akipata ujumbe wa malipo mara mbili, anakuja ofisini na simu mkononi kudai malipo ya pili, na ana haki ya kukasirika akiambiwa ni kosa la kompyuta.

Anza na lililo rahisi: ingia kwenye folda ya programu zilizopandishwa. Ukikuta `ushirika-1.4.war` na `ushirika-1.5.war` zote ziko hai, umepata jibu. Ondoa namba ya toleo kwenye jina la kifurushi ili kipya kikae juu ya cha zamani.

Kisha tazama kama ratiba imeandikwa pawili, `@Schedule` ndani ya klasi na `<timer>` kwenye faili. Chagua mahali pamoja tu. Tazama pia `<ejb-name>`. Ukiandika jina lisilolingana na la bini kwenye klasi, huku `<ejb-class>` ikielekeza klasi hiyo hiyo, unaweza kuishia na bini mbili za klasi moja, kila moja na taima zake.

Seva zikiwa mbili, taima isiyodumu italia kwenye kila moja. Hilo ndilo tabia yake; haijui habari za jirani. Ama uichague seva moja ya kubeba kazi, ama utumie taima zinazodumu zilizohifadhiwa kwenye kanzidata inayoshirikiwa na seva zote. Hapa kuwa mwangalifu: kwenye WildFly taima zinazodumu huhifadhiwa kwa kawaida kwenye mafaili, ndani ya `standalone/data/timer-service-data`, na kila mashine ina lake. Mhasibu wa Iringa aliwahi kunipigia, tukasalimiana kamwene, kisha akasema wakulima wake wanapokea kilo ambazo hawajapima. Fundi alikuwa amenakili folda nzima ya seva ya Mbeya kwenye flashi na kuiwasha Iringa. Taima zote zilisafiri ndani yake, pamoja na anwani ya kanzidata ya Mbeya. Ukihamisha seva kwa namna hiyo, futa folda ya taima na kagua mipangilio yote kabla ya kuwasha.

Halafu kuna umeme. Taima inayodumu ina ahadi: kama wakati wake ulipita seva ikiwa imezimika, seva ikiwaka lazima ilie walau mara moja. Umeme ukikatika saa mbili usiku na kurudi saa tatu asubuhi, kazi ya usiku itaanza saa tatu asubuhi, karani akiwa katikati ya kupima. Wengine hulichukulia kama kosa la seva. Seva imetimiza ilichoahidi. Kwa kazi ya kufunga hesabu, ahadi hiyo ni nzuri na ninaitaka. Kwa ujumbe wa "kilo zako leo", siitaki, ndiyo maana mfano wangu una `false`.

Chanzo kilichojificha kuliko vyote ni muamala, yaani kundi la mabadiliko ya kanzidata yanayokubaliwa yote au kufutwa yote. Methodi ya taima huendeshwa ndani ya muamala, na muamala ukirudishwa nyuma, kontena linalazimika kuijaribu tena walau mara moja. Fikiria kazi ya kutuma SMS 600. Zimetoka 410, ya 411 ina namba ya simu yenye kasoro, `RuntimeException` inaruka, muamala unarudi nyuma. Kanzidata inasahau kila kitu, lakini SMS 410 zimeshaondoka na haziwezi kurudishwa. Sekunde chache baadaye kontena linaanza upya, na wakulima 410 wanapata ujumbe wa pili. Kwenye logi utaona kosa lile lile likijirudia mara mbili, zimekaribiana sana. Hiyo ndiyo alama yake.

Dawa ina sehemu mbili. Toa kazi nzima nje ya muamala mmoja mkubwa kwa kuongeza haya baada ya `</enterprise-beans>`:

```xml
<assembly-descriptor>
  <container-transaction>
    <method>
      <ejb-name>UjumbeWaUsiku</ejb-name>
      <method-name>tumaJumla</method-name>
    </method>
    <trans-attribute>NotSupported</trans-attribute>
  </container-transaction>
</assembly-descriptor>
```

Kisha kila mkulima apate muamala wake mdogo kwenye bini nyingine yenye `RequiresNew`, na jedwali la ujumbe uliotumwa liwe na ufunguo wa kipekee wa mkulima pamoja na tarehe. Andika rekodi kwanza, kisha tuma. Kazi ikianza mara mbili, tatu, au kumi, kanzidata itakataa rekodi ya pili na SMS ya pili haitatoka. Ukiniuliza kitu kimoja cha kufanya leo kabla ya vyote, ni huo ufunguo wa kipekee. Ratiba itakosewa tena siku moja na mtu fulani. Jedwali litamlinda mkulima.

Inaanza, haimalizi

Kazi ikikatika kila mara ikifika karibu dakika tano, fikiria muda wa muamala. WildFly hutoa sekunde 300 kama hujabadilisha. Watu hukimbilia kuongeza hadi saa nzima, na kazi inapita, lakini kanzidata inabaki imeshikilia safu za wakulima muda wote huo. Kugawa kazi vipande vidogo ni bora, na ile dawa ya juu tayari imekugawia.

Kama kurasa za programu zinaganda wakati kazi inaendelea, tazama kama taima iko ndani ya bini ya Singleton ambayo kurasa nazo huiita. Singleton kwa kawaida hufunga mlango: mmoja akiwa ndani, wengine wanasubiri. Kwenye WildFly anayesubiri zaidi ya sekunde tano hupewa `ConcurrentAccessTimeoutException`. Hamisha taima iwe na bini yake peke yake.

Na kama ratiba ni kila dakika tano huku kazi yenyewe inachukua dakika nane, WildFly itaruka mlio unaogongana na kuandika onyo kwamba wa kwanza haujaisha. Sogeza ratiba, au fanya kazi iwe nyepesi.

Logi inasema yote ni sawa, na SMS hazipo

Hii ndiyo ya simu ya ile asubuhi. Ukurasa wangu wa taima ulionyesha taima ipo. Logi ilisema kazi ilianza na kumaliza bila kosa, wakulima waliotumiwa: sifuri. Kilo zipo kwenye kanzidata, nimeziona. Nilizunguka zaidi ya saa moja kwenye msimbo kabla sijasoma mwanzo wa mstari wenyewe wa logi, pale ambapo jicho huwa linapita bila kusimama. Tarehe ilisema Januari 2015.

Mashine ile hukaa ofisini kwa ushirika, chini ya meza. Umeme ulikatika usiku uliopita, na betri ndogo ya ubao mkuu ilikuwa imekufa. Mashine ilipowaka haikukumbuka ni mwaka gani, na intaneti ilichelewa kurudi kwa hiyo haikupata pa kuuliza saa. Saa mbili na nusu usiku ya mwaka 2015 taima ililia kwa uaminifu, ikajumlisha kilo za "leo", na siku hiyo ushirika haukuwa hata na mfumo.

Dalili nyingine za saa iliyorudi nyuma: kazi inalia lakini kila muunganisho wa HTTPS unakataliwa kwa sababu cheti "hakijaanza kutumika", au taima inayodumu imenyamaza kabisa, kwa kuwa tarehe ya mlio wake ujao imehifadhiwa kwa mwaka wa kweli na mashine inadhani bado iko mbali kwa miaka. Ukiona mojawapo, andika `timedatectl` kwenye terminali na utazame kama saa imesawazishwa.

Nilimwomba karani atafute betri ya CR2032 kwenye maduka ya simu, akaipata. Tukabadilisha, tukasawazisha saa, tukawasha seva upya. Niliongeza mistari michache mwanzoni mwa `tumaJumla`: kama tarehe ya leo iko nyuma ya tarehe ya mwisho ya kupima iliyomo kwenye kanzidata, simama, andika kosa, mtumie msimamizi ujumbe. Kisha nikafungua ukurasa wa taima. Ulisomeka `jumla-ya-siku`, siku ile ile, 20:30. Karani akauliza, "Kwa hiyo kaka, saa mbili na nusu?" Nikamjibu ndiyo, ya usiku, ya leo.